Alichosema Bwana Kofia Mlangoni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ya barua hii ninayoweza kuiandika bila kufuta. Mimi ni mwalimu mzima, darasa la sita hapa Manyoni wananisikia viatu tu wananyamaza, lakini leo naogopa kama nilivyokuwa naogopa nikiwa na miaka kumi na sita nyumbani kwako Itigi.

Jumapili ulinipigia simu ukiwa na furaha kweli. Ukaniambia Upendo amekuletea televisheni ya sola hapo Mitundu ulikohamia, na kwamba wanawake wa jirani wanakuja kila jioni na mikeka yao. Halafu ukasema, "Salome, ile tamthiliya yetu ya mashineni imerudi. Safari hii wanaongea Kiswahili wenyewe, wala sikuhitaji tena." Tukacheka sote wawili. Kisha ukaongeza, kwa sauti ya mtu anayewaza, "Ila huyu Bwana Kofia sauti yake mpya inanichanganya. Anaongea kama mtu mwema. Nangoja afike pale mlangoni nimsikie alivyosema."

Nilikwambia mtandao unasumbua, nikakata. Mtandao haukuwa na shida yoyote, Mama Mdogo. Nilikaa chini kwenye sakafu ya jikoni, wali ukaungua, nikausikia unaungua na nisiinuke.

Tangu hapo nimekupigia mara tatu ili nikwambie, na mara zote tatu nimeishia kukuuliza habari za kuku na za mavuno ya alizeti. Mara ya mwisho uliniuliza kama naumwa. Jana Jumatatu nami niliiangalia, na mwishoni wakaonyesha vipande vya yatakayokuja: geti, kofia, mkono unagonga. Wamesema ni Alhamisi. Leo ni Jumanne. Kwa hiyo nimeona niandike, maana kwenye karatasi huwezi kuniuliza kama naumwa.

Unaikumbuka mashine ya kukamua alizeti ya yule mfanyabiashara wa karibu na stesheni. Ndiyo kwanza biashara zilikuwa zimeachiwa, watu binafsi wanafungua vituo vyao vya televisheni huko mjini, na yeye akaleta jenereta, akaleta mashine, akaweka ungo mkubwa juu ya bati. Televisheni aliiweka kwenye chumba cha kusubiria ili wanawake wasiende kukamua kwingine. Jumamosi mchana, saa za marudio ya tamthiliya, mlikuwa mnakuja hata wenye debe moja, mnakaa juu ya magunia yenu mpaka zamu ipite na hamtaki kuondoka. Wewe ulikuwa unatoka stesheni na beseni lako la mayai ya kuchemsha, treni ikishapita tu, mbio mashineni.

Tamthiliya ilitoka nchi za mbali, waigizaji wamewekewa sauti za Kiingereza juu ya lugha yao. Na mashine ilinguruma ukuta wa pili kiasi kwamba hata Kiingereza chenyewe kilikuwa hakisikiki. Ndipo mkaniweka mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, kwenye kigoda mbele kabisa, sikio karibu na spika, nisikie kisha niwapazie sauti kwa Kiswahili. Nilijiona mkubwa. Majina yao yaliwashinda, mkawapa ya kwenu. Yule dada aliyeachwa na mtoto mchanga mkamwita Neema, na mwanamume aliyemwacha, kwa sababu hakuwa anavua kofia hata mezani, mkamwita Bwana Kofia.

Hakuna aliyeiangalia kama wewe. Wengine walilia wakaenda zao, wewe ulitembea nayo. Neema alipokubali kurudi kufanya kazi kwa mama mkwe wake ulikasirika siku tatu, na jirani aliyemtetea Neema ulikataa kumuazima chekecheke. Ulimsema Neema huku unapepeta mtama, kwamba ana moyo laini mno, kwamba mwanamke akishakimbiwa mara moja anatakiwa ajue njia ya mlango ni ya kutokea tu. Bwana Kofia ulikuwa unamsema kwa Kinyaturu, ili mimi nisielewe vizuri, na nilielewa yote. Nilijua hukuwa unamsema Bwana Kofia peke yake. Baba Mdogo alikuwa ameondoka Upendo ana miezi minne, akaenda machimboni upande wa Shelui, na kwa karibu miaka mitatu hakuleta hata salamu.

Halafu ikaja barua. Dereva wa lori la vitunguu aliileta, ukaisoma umesimama, ukaiweka chini ya godoro, ukaendelea kumenya mayai. Wala hukuniambia kitu. Kesho yake ulipokwenda stesheni niliitoa nikaisoma, nisamehe kwa hilo pia, maana ndipo yote yalipoanzia. Aliandika kwamba amekosa, kwamba kifua kinamsumbua, kwamba amejenga chumba Shelui, na kwamba angependa kukuona wewe na Upendo. Majina mawili. Niliisoma mara nne kutafuta la tatu, halikuwamo.

Unajua mimi nilikuwa na nini cha kurudia. Mama alikuwa amekufa, baba yuko Rungwa na mke mwingine, na alikuwa ameshasema kwamba siku Mama Mdogo wako akikuchoka, utarudi huku tukutafutie mtu wa kukuoa. Huko hakukuwa na sekondari. Nilimjua hata huyo mtu, mwenye mizinga mingi ya nyuki na meno machache. Nililala chini ya dirisha lako nikihesabu ni nini kitatokea ukienda Shelui, na kila nilivyohesabu niliishia Rungwa.

Na ndizo wiki hizohizo Bwana Kofia naye akaanza kumrudia Neema. Hili sikulipanga mimi, Mama Mdogo, ndivyo walivyoigiza. Jumamosi ya kwanza alionekana ameketi peke yake anaandika barua huku analia. Kwa Kiingereza alikuwa anasema hajui kama anastahili kuandika. Nikafungua mdomo, na nikasikia sauti yangu inasema, "Anasema wanawake ni wepesi kudanganywa kwa barua." Wanawake wakaguna. Mmoja akauliza mbona analia sasa, nikasema anafanya mazoezi ya kulia. Machozi nayo niliyatafsiri. Nilikuangalia kwa pembe ya jicho, ukawa unaitikia kwa kichwa taratibu, na ule uoga wangu ukapungua kidogo kwa mara ya kwanza tangu barua ije.

Njiani kurudi uliniuliza, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Wewe unayesikia maneno yake, unamwonaje? Amebadilika?" Nikakwambia hajabadilika hata kidogo. Ukasema wewe siyo mjinga wa kufuata mambo ya televisheni. Lakini siku ile barua uliitoa chini ya godoro, ukaiweka kwenye kopo tupu la majani ya chai, mbali na kitanda, na mimi nikaelewa kwamba maneno yangu yana nguvu.

Jumamosi ya mlango nadhani unaikumbuka kuliko nyingine zote. Bwana Kofia anafika, amekonda, anakohoa, anagonga. Neema yuko ndani amembeba mtoto. Wewe umesimama, hukukaa siku ile. Nami nimeshajipanga. Nikaanza kuwaambia kwamba anajifanya mgonjwa ili aonewe huruma, akishaingia ndani atamchukua mtoto amkimbize. Katikati ya maneno hayo mashine ikazibwa na mashudu, yale makapi ya alizeti, wakaizima.

Sijui kama umewahi kuogopa kwa sababu ya kimya. Sauti ya Bwana Kofia ikasikika chumba kizima, wazi, neno kwa neno, na juu yake sauti yangu inasema mengine. Na mlangoni amesimama yule mwalimu mpya wa jiografia, amekuja kununua galoni la mafuta. Akanitazama. Akasogea akasikiliza vizuri, kisha akanitazama tena, akaanza, "Lakini mbona huyu..." Mashine ikawashwa, ikanguruma, maneno yake yakamezwa.

Na picha ilikuwa hainisaidii. Neema alifungua mlango. Hakumkaribisha ndani, alitoka na kiti akakiweka nje, kisha akatoka na cha pili akakaa. Mkaniuliza vipi tena, amemfungulia? Nikasema amemwekea kiti ili kumshika hapo mpaka polisi wafike. Mkafurahi mno, mkasema Neema leo kapata akili. Wewe ulicheka, ukanipiga begani kwa upendo. Lile pigo la begani nalisikia mpaka leo.

Mwalimu aliniita Jumatatu nyuma ya darasa. Hakufoka. Alisema, "Yule bwana hakusema vile." Nikasema najua. Akaniuliza kwa nini, na nadhani alidhani ni utoto tu wa kuchezea watu wazima, maana aliniambia Jumamosi nikarekebishe, wale ni mama zangu. Nikaahidi. Jumamosi nilikaa kwenye kigoda changu nikadanganya tena, na Jumamosi nyingine tena. Kisha msimu wa alizeti ukaisha, mashine ikafungwa, ungo ukabaki unakaliwa na kunguru. Hatukuona mwisho.

Baba Mdogo alikuja wiki iliyofuata.

Ulikuwa unachekecha unga, ukamwona dirishani akishuka kwenye lori. Ulifunga mlango ukatia komeo, ukamchukua Upendo ukakaa naye kitandani. Mimi nilibaki nimesimama karibu na mlango, kwa hiyo nilimsikia kuliko wewe. Alibisha hodi kwa upole. Alikohoa kikohozi kirefu kinachokataa kuisha. Wewe ukaninong'oneza, "Umeona? Hata kikohozi ni kilekile."

Mama Mdogo, nilikuwa na mkono kwenye komeo. Ilikuwa ni kusema tu, "Nilidanganya, yule wa kwenye televisheni alikuwa anaumwa kweli." Maneno machache kuliko niliyowapazia wanawake kila Jumamosi. Sikuyasema. Na hapo yeye akasema, kwa sauti ya kukata pumzi, kwamba hakuja kugombana, amekuja kutuona, na akatutaja mmoja mmoja. Wewe. Upendo. Na Salome. Majina matatu.

Nilisikia jina langu na bado sikufungua. Nilijiambia amelitaja kwa sababu ananiona kwenye ufa wa mlango. Mtu akiogopa hakosi sababu.

Alikaa nje juu ya kinu chetu alichokigeuza chini juu, kwa kuwa hakukuwa na kiti. Alikaa mpaka saa tisa hivi, lori likapiga honi barabarani, akainuka. Tulipofungua tulikuta kifurushi: khanga, viatu vya mtoto, na kauntabuku moja mpya. Khanga ulimpa mama wa kanisani. Viatu Upendo alivaa, maana hakuwa navyo. Kauntabuku ukanirushia ukasema, chukua, hii haina kosa. Katika nyumba ile mwanafunzi alikuwa mmoja tu. Sikuwahi kuandika humo hata neno. Barua hii ndiyo ya kwanza, ndiyo maana karatasi zake zimekuwa za njano.

Kabla msimu mwingine wa alizeti haujafika, kaka yake alikuja na habari kwamba amefia Shelui, kifua, vumbi la mashimoni. Ulikuwa unamenya mayai. Ulisema, "Kumbe alikuwa anaumwa kweli," ukaendelea kumenya, na yai lile ulilimenya mpaka likaisha mkononi. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya choo. Ulidhani ni malaria, ukaninunulia dawa, nikameza.

Ningeweza kuishi nayo labda. Nimeishi nayo zaidi ya miaka ishirini, nimesoma, nimeajiriwa, sikurudi Rungwa, yote kwa jasho lako la stesheni. Lakini unakumbuka jikoni kwako, siku ya kumuaga Upendo anaolewa, alipokuuliza mbele yangu kwa nini hukumfungulia baba yake. Ulimjibu, "Nilikuwa nimeshaona mfano wake, mwanangu." Mimi nilikuwa nimeshika sahani saba, na nashangaa mpaka leo kwamba sikuangusha hata moja.

Basi sasa unajua ninachoogopa. Alhamisi saa moja jioni utakuwa umekaa na wanawake wako, na yule uliyemfanya mfano atafungua mdomo kwa Kiswahili safi. Naogopa utakavyogeuka kumtafuta mkalimani wako usimwone. Naogopa simu isipolia, na naogopa zaidi ikilia. Naogopa kwamba hutanichukia kwa kelele, utanichukia kimyakimya kama ulivyomenya lile yai. Nimeogopa hata kukuita Mama Mdogo humu, nimelifuta mara mbili nikalirudisha, maana sina jingine la kukuita.

Sijafunga bahasha. Kondakta wa basi la Mitundu nimemwambia akitaka asome. Na wewe ukitaka, wasomee wanawake wako, na kama yupo hata mmoja wa wale wa magunia aliye hai hapo, msomee kwa sauti, maana nao niliwadanganya, na walikuwa wananipa kigoda cha mbele. Upendo asome mwenyewe, na asome mpaka mwisho.

Ila sitaki ulisikie neno lile kwanza kutoka kwa sauti ya kulipwa. Kazi ile mlinipa mimi. Nililisikia siku ile mashine ilipozimwa na halijanitoka. Bwana Kofia alisema hivi: "Sikuja ili unifungulie. Najua huu mlango niliufunga mwenyewe. Nimekuja unitukane mpaka uchoke, nisikie sauti yako, kisha niende. Kama una kiti cha ziada nipe nikae hapa nje, kifua changu hakisimami tena muda mrefu."

Hayo ndiyo yote. Hakuna polisi, hakuna kumwiba mtoto. Na Neema, kabla ya kukiweka kile kiti, alisema, "Kaa. Sijakusamehe. Kaa tu." Ungempenda Neema siku ile, Mama Mdogo. Alifanya vile ambavyo wewe ungefanya.

Barua hii itakufikia kesho Jumatano. Alhamisi napanda basi la asubuhi, nitakuwa hapo kabla wanawake hawajatandika mikeka. Nitabisha hodi mara moja, sitarudia. Nimemwuliza Upendo, bila kumwambia kwa nini, kama kile kinu ulihamia nacho Mitundu, akasema kipo, kiko nje kando ya mlango na wala huruhusu mtu akiondoe. Usinifungulie kama hutaki, nitakigeuza nikae.

Ni mimi, niliyekuwa sikio lako mashineni,
mtoto wa dada yako.